GARI LA BIBI (mambo mengine kule kikundi kikubwa)

Ijumaa

Rehema 19:04
Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba tusome wote. Mkononi tuna milioni 27 na laki 4 za kununua gari la Bibi. Ahadi ambazo hazijaingia ni milioni 5 na laki 1, majina ninayo, leo sitayataja. Magari yaliyobaki ni manne: Prado 95 iliyopo Tanga, Escudo ya 2007 yadi ya Dar, X-Trail ya 2009 aliyoileta Bakari, na Land Cruiser hadtopu ya Arusha. Masika hiyo inakuja. Uamuzi Jumapili saa mbili usiku. Kaka Juma, wewe ndiye fundi, anza.

Rehema 19:31
Kaka Juma?

Rehema 19:52
Waliosoma ni kumi na sita. Kumi na sita jamani.

Bakari 19:53
Mimi nahesabiwa mara mbili, nina simu mbili

Shangazi Soni 19:55
Waaleikum salaam. Nani aliondoka na sufuria langu kubwa siku ya arobaini

Rehema 19:56
Shangazi hilo kule kikundi kikubwa 🙏

Juma Fundi 20:20
Nilikuwa chini ya gari. Naanza na barabara. Mombo kupanda Lushoto kupitia Soni ni lami, ila kona juu ya kona. Ukiacha lami kuelekea Mtae ni udongo mwekundu na miteremko. Gari litapanda taratibu na watu sita na viazi nyuma, na litashuka taratibu vilevile. Kwa hiyo msiulize tu kama lina fowili, yaani injini kuzungusha magurudumu yote manne. Ulizeni kama lina LO, gia ya chini ya fowili.

Juma Fundi 20:24
Ukiwa kwenye lo, transifa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, inaongeza nguvu inayofika kwenye matairi na kupunguza mwendo. Unapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuchoma klachi wala kuchemsha gia boksi. Kushuka, injini ndiyo inalishika gari, breki zinabaki baridi. X-Trail haina lo. Rav4 haina. Forester nyingi za otomatiki tunazoletewa hazina.

Bakari 20:25
X-Trail ina kamera ya nyuma lakini

Juma Fundi 20:27
Itakuonyesha vizuri unavyorudi kinyumenyume. Na hiyo ya 2009 gia boksi yake ni CVT, mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Ukipanda polepole na mzigo, au ukinasa ukawa unalazimisha, oili yake inapata joto, kompyuta inapunguza nguvu kujilinda, gari linakufa mlimani. Ukirudia sana mkanda unateleza na kukwaruza puli. Hapo hakuna kufungua, ni kununua nzima. Na inataka oili yake ya NS-2. Mtu akiweka ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, imekwisha.

Rehema 20:29
X-Trail imetoka. Yamebaki matatu. Salehe, sema la Arusha.

Bakari 20:29
Hata kura hatujapiga

Jumamosi

Salehe Arusha 06:48
Shikamooni. Jana nilikuwa porini hakuna mtandao. La Arusha ni injini 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo. Ekseli za mbele na nyuma ni za bomba moja, hakuna CV, maungio ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu, za kuning'inia nje kwenye mawe. Fowili yake si ya muda wote: unashuka, unazungusha friwili, vifungio vya katikati ya gurudumu, mbele kwenda LOCK magurudumu yote mawili, ndiyo unavuta H4 (fowili ya kawaida) au L4 (lo). Kwa kazi ngumu sijaona la kulipita.

Salehe Arusha 06:55
Ubaya wake. Kwanza, taiming belti kila kilomita 100,000 bila mjadala, dereva akipuuza valvu zinagonga pistoni. Pili, sili za ndani kwenye maungio ya magurudumu ya mbele: zikichoka, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) inaingia kwenye grisi, yote inakuwa supu na kumwagika ndani ya rimu. Kazi si ngumu ila chafu, na ukifungua badilisha beringi hapohapo, usifunge za zamani. Tatu, H4 si ya lami kavu. Kwenye kona, tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, na transifa imezifunga pamoja. Usukani unakuwa mzito, propela, vyuma virefu vya kupeleka nguvu kwenye difu, zinakaa zimejikaza, siku moja krosi, ungio la propela, inakatika au gia ya transifa inang'oka jino. Nne, mwenyewe anataka 46.

Rehema 07:02
46!! Salehe tuna 27.

Salehe Arusha 07:03
Ndiyo maana nimeiweka ya nne

Mama Pili 07:40
Amin

Rehema 07:41
Amin ya nini Mama Pili?

Mjomba Tanga 09:15
Prado nimeiona kwa macho. Bodi safi, haijapigwa. Dalali anasema 28, ataachia 26 na nusu. Mimi nasema tuchukue.

Juma Fundi 09:30
Mjomba shikamoo. Injini gani?

Mjomba Tanga 09:34
Marahaba. Ya Prado

Bakari 09:34
😂😂

Juma Fundi 09:41
Mjomba, fungua boneti, soma kibati cha kampuni. Kikianza KZJ95 ni dizeli, injini 1KZ-TE. Hiyo ugonjwa wake ni silinda hedi, mfuniko wa juu wa injini: ikichemka inapasuka kati ya valvu, na hedi ya mtumba mara nyingi nayo imeshapasuka. Kikiwa RZJ95 ni petroli lita 2.7, injini 3RZ, ya cheni badala ya taiming belti, inakunywa ila haitusumbui. Kama ni KZJ, iwashwe asubuhi ikiwa baridi kabisa, mfuniko wa rejeta uwe wazi. Mapovu yakitoka mfululizo, au mpira wa juu ukiwa mgumu ndani ya dakika mbili kabla injini haijapata moto, rudini nyumbani.

Juma Fundi 09:50
Chini huko ndiko Prado 95 ninakoipendea. Fowili ni ya muda wote, ina difu ya katikati inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka tofauti, kwa hiyo kona za Soni haziiumizi. Tope likizidi, unafunga difu ya katikati kwa lever. Ukivuta lo inajifunga yenyewe. Hakuna kushuka kuzungusha friwili kwenye mvua.
Kinachoua watu ni bolijointi ya chini mbele, ungio linaloshika gurudumu. Kwenye gari hizi uzito wa gari unaivuta ichomoke, haukandamizi kuirudisha ndani. Ikichoka inachomoka, gurudumu linalala. Nunua mpya na orijino, pande zote mbili kwa mpigo. Ya bei rahisi usiifunge kwenye gari litakalomshusha Bibi mlima.

Shangazi Soni 09:58
Subhanallah gurudumu linalala

Rehema 10:02
Na Escudo? Mimi kwa kweli moyo wangu uko kwa Escudo. 24 na maongezi.

Juma Fundi 10:15
Escudo ya 2006 kuja juu si mbaya kama watu wa Toyota wanavyosema. Ina 4H, 4H LOCK, 4L LOCK na N. Ya lita 2 ina injini J20A ya cheni, cc 1995. Otomatiki yake ni ya gia nne za kawaida, si CVT. Kuingiza 4L unasimama kabisa, gia kwenye N, mguu kwenye breki, unasukuma kitufe huku unakizungusha, unasubiri taa iache kumeta. Ikiendelea kumeta kila mara, mota ya transifa inaumwa.
Msikilize difu ya mbele. Ikivuma kwenye 60 mpaka 80 na ukiachia mafuta sauti ikabadilika, beringi zinaondoka. Na ni fupi kuliko Prado, mawe ya kule juu itayabusu. Difu ya Prado unaipata Gerezani na Ilala asubuhi ileile. Ya Escudo inapatikana, ila kwa kuzunguka.

Salehe Arusha 10:21
Naongeza. Hizi za muda wote, tairi zote nne zilingane, saizi na kuchakaa. Ukiweka mbili kubwa nyuma, difu ya katikati inazunguka hata barabara ikiwa imenyooka, haipumziki. Kwenye zile za viskasi, zinazounganisha mbele na nyuma kwa mafuta mazito, ni balaa zaidi, inapata joto mpaka inaganda, ukikata kona gari linajivuta kama lina breki.

Bakari 10:22
Kama lile jeupe

Rehema 10:22
Bakari.

Bakari 10:23
Nimesema jeupe tu

Mjomba Tanga 10:40
Nimeona. Najua mnachosema. Aliyeagiza tairi mbili si mimi, mimi nilitumwa. Na laki 4 yangu ya zile tairi haijarudi mpaka leo. Mtu asinifundishe gari.

Zuhura 10:44
Mjomba hakuna aliyekutaja

Mjomba Tanga 10:45
Mnanitaja kila gari likitajwa

Bakari 10:46
Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Soni 10:52
Hata mimi ile laki 4 naikumbuka. Ilitoka na haikurudi. Kama sufuria

Rehema 10:55
JAMANI. Difu. Tunazungumzia difu.

Baba Mkubwa 13:20
Asalaam aleikum. Nimesomewa yote.
La kwanza. Mambo ya tairi niliyamaliza mimi, siku ya hitma, mbele ya watu. Sitaki kuyasikia tena.
La pili. Gari la Arusha ni refu na bibi yenu ana magoti. Liondoeni hata likishuka bei.
La tatu. Mnanunua gia boksi, dereva ni nani? Kijana Abdi anajua manyuo peke yake. Mkimpa otomatiki, atashuka na D akikanyaga breki mpaka Mombo.

Rehema 13:21
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Zuhura 13:21
Shikamoo Baba Mkubwa

Salehe Arusha 13:24
Shikamoo. Sawa kabisa.

Bakari 13:30
Shikamoo Baba Mkubwa

Mjomba Tanga 14:10
Sawa kaka.

Juma Fundi 15:02
Shikamoo Baba Mkubwa, hilo la dereva ni kweli tupu. Akishuka na D gia inapanda yenyewe, injini haishiki, breki zote zinabeba gari. Mafuta ya breki yakichemka pedeli inazama hadi chini. Kwenye otomatiki azime O/D (gia ya mwendo kasi), ashushe gia kwenye 2, kwenye mteremko mkali L. Kule kwenye udongo aingize lo kabla ya mteremko, gari likiwa limesimama, asingoje kufika katikati. Nikimpata siku mbili Korogwe atajua. Prado 95 za manyuo zipo pia. Mjomba, hiyo ni ipi?

Juma Fundi 15:20
Atakayekwenda kukagua, yoyote itakayochaguliwa:
Asimame, akanyage breki, apeleke gia D kisha R. Kishindo kikubwa ni krosi au difu iliyolegea.
Alale chini, ashike propela azungushe kwa mkono. Kuchezacheza kidogo sawa. Krosi ikicheza upande, si sawa.
Akate usukani mpaka mwisho, aende polepole kushoto na kulia. Tak-tak-tak ni CV jointi. Aangalie raba zake kama zimechanika na grisi imetapakaa.
Aingize lo kweli, atembee nayo kwenye udongo. Dalali akisema "lo haihitajiki mjini", maana yake haiingii.
Oili ya difu: afungue KWANZA nati ya juu ya kujazia, ndiyo ya chini. Ukimwaga halafu ya juu ikagoma kufunguka, umebaki na gari lisilotembea. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Unga mwembamba kwenye sumaku ya nati ni kawaida, vipande si kawaida.

Juma Fundi 15:27
Na siku tukilileta, difu zote mbili tunamwaga. Oili ni 80W-90 GL-5, galoni ya lita 5 inatosha na kubaki. Unajaza mpaka inachuruzika kwenye tundu la kujazia. Gia boksi ya manyuo ni GL-4, msichanganye. Dawa iliyomo kwenye GL-5 nyingi inakula shaba za gia, baada ya muda gia ya pili inaanza kukwaruza.

Mama Pili 15:50
👍🏾

Jumapili

Rehema 19:30
Nusu saa imebaki. Ninavyoelewa: la kwanza Prado, kama ni RZJ na bolijointi zinabadilishwa. Kama ni KZJ, Kaka Juma aende Tanga Jumatano akaipime hedi. Isipokaa sawa tunarudi Escudo, Salehe akague akishuka Dar. Nauli ya Kaka Juma inatoka kwenye mfuko. Nani anapinga?

Rehema 19:48
Ukimya ni kukubali.

Zuhura 19:50
Ukimya ni bando kuisha

Salehe Arusha 19:58
Dar nashuka tarehe 19, si kabla

Rehema 20:03
Tarehe 19 Escudo itakuwa imeshauzwa, Salehe.

Mjomba Tanga 20:31
[picha]
Kibati hicho. Dalali anataka laki 5 ya kushikilia kabla ya kesho saa sita mchana, kuna mtu wa Muheza analitaka.

Rehema 20:33
Naona KZJ95. Kaka Juma, hii si ndiyo yenye hedi?

Bakari 20:34
Ndiyo yenye hedi

Rehema 20:36
Sikuulizi wewe. Kaka Juma? Mjomba, ni manyuo au otomatiki?

Mjomba Tanga 20:52
Giza limeingia, nitaangalia kesho. Ila laki 5 mimi sitangulizi. Safari hii itoke kwenye mfuko.

Rehema 20:53
Kaka Juma upo??

Mama Pili 21:47
Nimetuma elfu hamsini yangu. Ni ya Escudo