Ukoo wa Chumbageni, Tanga: Zuhura na Salim wako Southend, Uingereza

Zuhura: [picha]

Zuhura: Assalaam alaykum ukoo. Leo tumejitoa 😎

Fauzia: Waalaykum salaam mama mdogo. Hapo ni shambani?

Zuhura: Shamba gani wewe, baharini hapo! Southend

Rashid: Bahari iko upande gani wa picha?

Salim: Ipo shemeji. Imetoka kidogo, inarudi jioni

Asha Muscat: 🤣🤣🤣 imetoka kidogo

Mama: [sauti]

Fauzia: Kwa wasioweza kufungua sauti: bibi anauliza, Salim si alikesha kazini? Mbona hajalala? Na mmekula nini?

Zuhura: Shikamoo mama. Alikesha ndiyo. Kaingia ndani saa moja asubuhi, mimi nimefungua pazia, nikaona jua hilo. Jua la huku mama likitoka hakuna anayeuliza habari ya kesho. Nikamwambia usivue koti, tunatoka

Salim: Shikamoo mama. Mimi nilidhani kuna msiba

Zuhura: Kutoka kwetu Barking ni treni moja tu, saa nzima haifiki. Hatukubeba hata chupa ya maji

Salim: Na nimelala njiani mama, usijali. Nimeamshwa pale reli inapopita ukingoni kabisa mwa maji. Yaani pale ambapo maji yangekuwepo

Shangazi Mwajuma: Zuhura. Ulipokuja likizo nilikwambia twende baharini Raskazone tukapunge upepo, ukasema jua kali utaungua. Likizo nzima hukuchungulia. Leo unalipa nauli kwenda kutazama tope

Zuhura: Shangazi shikamoo 🙈

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Jibu

Zuhura: Ya huko ipo tu shangazi, haiondoki

Rashid: Ya hapo ndiyo inaondoka, tumeona

Asha Muscat: Leteni upepo huku. Muscat leo nyuzi 43, hata paka hatoki

Fauzia: Huko nyuzi ngapi mama mdogo?

Zuhura: 21. Watu wamevua mashati, wamelala mchangani kama ng'onda

Mjomba Hatibu: Salaam kwenu nyote. Nimeiona picha. Hilo tope si la kuchekwa. Hapo ndipo mdomo wa mto Thames, na mto unaleta tope lake, ndiyo maana pwani ya hapo ni bapa hivyo. Maji yakipwa hukimbia zaidi ya maili moja. Leo mwezi una siku tisa, ni maji mafu, yasiyopwa wala kujaa sana, na bado yamekwenda huko. Mngefika siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, mngeuliza bahari ilikuwa wapi.

Salim: Shikamoo mjomba. Kumbe wapajua?

Mjomba Hatibu: Marahaba. Nimepita hapo na meli, 1978, tukienda bandari ya Tilbury. Sikushuka. Niliona taa za mji na gati refu mno. Ulizeni maji yanajaa saa ngapi kabla hamjakanyaga hilo tope.

Salim: Kuna ubao hapa. Chini kabisa saa nane mchana, kujaa ni saa mbili na nusu usiku

Mjomba Hatibu: Ndivyo. Kwetu leo yamejaa saa tano asubuhi. Saa haziwiani kwa sababu wimbi la maji lina safari yake ndefu kufika huko, limezunguka Uskochi na kushuka ile bahari ya Kaskazini. Na kimo si sawa. Bamvua la Tanga ni mita 3 na ushei, la hapo linapita 5. Zuhura asivue viatu akaenda mbali.

Zuhura: Mjomba nimechelewa kusoma. Nimeshavua

Zuhura: [picha]

Fauzia: Mama mdogo miguu yako 😂😂

Mama: [sauti]

Fauzia: Bibi anasema rudi mchangani. Amesema mara tatu

Zuhura: Nimerudi mama. Tope lenyewe baridi hilo, vidole vimekufa ganzi

Rashid: Kwa kuwa wote mko hewani, naomba radhi kuingilia mandhari.

MCHANGO HARUSI YA BAKARI
Asha Muscat: ahadi 300,000, kalipa 300,000 ✅
Shangazi Mwajuma: ahadi 50,000, kalipa 50,000 ✅
Mama: ahadi 100,000, kalipa 100,000 ✅
Zuhura na Salim: ahadi 400,000, kalipa 150,000
Mjomba Hatibu: ahadi 80,000, kalipa 30,000
Kikao cha mwisho Jumapili ijayo.

Zuhura: Gati lenyewe ndiyo hili sasa jamani [picha]

Rashid: Nimeona ulivyopita

Salim: Kilomita 2 na mita 160. Katika magati ya kutembelea wanasema hakuna refu zaidi duniani. Kuna treni ndogo inakupeleka mwisho, lakini tumekwenda kwa miguu, kurudi ndiyo tutapanda

Asha Muscat: Sasa gati la kilomita 2 la nini? Si wangejenga mji karibu na maji

Mjomba Hatibu: Mji ulikuwa karibu na maji. Maji ndiyo hayakukubali. Zamani watu wa London walikuja kupumzika kwa meli, na meli haiwezi kukaa topeni, itapinduka. Basi ikabidi gati liifuate bahari.

Salim: Ndivyo ilivyoandikwa hapa mjomba. La kwanza la mbao lilifunguliwa 1830, likawa fupi, maji yakipwa bado liko kwenye tope. Wakaongeza mpaka 1846 likafika kwenye kina. Hili la chuma la 1889, na treni ya umeme ikaanza mwaka uliofuata

Zuhura: Limeungua 1959, likaungua 1976, likaungua 2005. Na katikati hapo, 1986, meli ikalipasua

Mjomba Hatibu: Meli gani?

Zuhura: Kingsabbey

Mjomba Hatibu: Gati la kilomita 2, lina taa, limo kwenye kila ramani ya baharini, na nahodha akalipata. Huyo alikuwa anafanya nini?

Salim: Ubao hausemi mjomba 😅 Unasema ilikata kipande cha mwisho na kuharibu jengo la boti za uokozi

Mjomba Hatibu: Hao wa uokozi bado wapo?

Salim: Wapo, kituo chao kiko huku mwisho kabisa. Sasa hivi wanaosha boti. Wengi wao wanajitolea, simu ikilia mtu anaacha kazi yake anakimbia

Mjomba Hatibu: Wapeni salamu. Mabaharia wanawajua. Sasa mkiwa hapo mwisho, tazameni ng'ambo, upande wa Sheerness. Kuna milingoti inatoka majini. Mniambie kama mnaiona.

Zuhura: Naona meli kubwa la makontena, naona minara ya moshi. Milingoti sijui

Mjomba Hatibu: Tafuteni. Hiyo ni Richard Montgomery. Meli ya Wamarekani, Agosti 1944, wakati wa vita, ilibeba mabomu kupeleka Ufaransa. Ikatia nanga mahali pabaya, maji yakapwa, ikakaa juu ya fungu la mchanga na kuvunjika mgongo. Walipakua sehemu ya mzigo kabla haijajaa maji. Kilichobaki ni kama tani 1,400 za baruti, na kimo humo mpaka leo.

Fauzia: Mpaka LEO??

Mjomba Hatibu: Mpaka leo. Kuugusa mzigo ni hatari, kuuacha ni hatari. Wamezungusha maboya, hakuna chombo kinachoruhusiwa kukaribia. Sisi rubani, yule wa kuongoza meli bandarini, alipopanda alituonyesha kwa kidole, daraja zima la meli likanyamaza. Nahodha wetu alikuwa mtu wa matusi, siku ile alisema bismillah na si Muislamu.

Asha Muscat: Zuhura rudini nyumbani jamani

Zuhura: Hapa kuna mzee anavua kwa mshipi, katuazima darubini yake. TUNAIONA MJOMBA. Vijiti vyembamba juu ya maji. Anasema tangu mtoto anaambiwa italipuka, naye anavua tu

Mjomba Hatibu: Anatumia chambo gani?

Salim: Minyoo. Anaichimba mwenyewe kwenye tope lile lile mnalolicheka

Mjomba Hatibu: Si mimi niliyecheka.

Mama: [sauti]

Fauzia: Bibi anasema hayo mabomu basi, tumesikia. Anauliza mara ya pili, mmekula nini?

Salim: Tunakula sasa mama [picha]. Samaki na chipsi. Nimeuliza kwanza mafuta ya nini, wakasema ya mimea. Maana upande wa kaskazini wengi wanakaangia mafuta ya ng'ombe, hujui kachinjwa vipi

Mama: [sauti]

Fauzia: Anasema umefanya vizuri mwanawe. Anauliza huyo samaki mbona hana kichwa wala mwiba

Zuhura: Ndivyo wanavyomtaka mama. Kavikwa unga mnene, ndani mweupe pee. Laini, simtii ila, lakini hana neno. Unammwagia siki na chumvi ndipo anaamka. Hakuna ndimu, hakuna pilipili

Shangazi Mwajuma: Changu wa kupaka humjui tena wewe

Zuhura: Shangazi usinitoe machozi hadharani

Rashid: Bei?

Salim: Pauni 12 sahani

Rashid: Yaani 40,000 na zaidi. Mara mbili. Haya. Mimi nimenyamaza

Asha Muscat: Hujanyamaza Rashid 🤣

Salim: Nusu ya chipsi zangu amekula shakwe shemeji. Katoka nyuma, sikumwona. Huyo mdaini

Fauzia: [picha ya kibonzo]

Zuhura: Haya nyumba hizi mnazionaje? [picha]

Shangazi Mwajuma: Vyoo hivyo? Mbona vimepakwa rangi nzuri hivi

Zuhura: 🤣🤣 Si vyoo shangazi! Ni vibanda vya pwani, Thorpe Bay huku, tumetembea kufuata ufukwe. Mtu ananunua, anaweka viti na birika la chai, anakuja Jumapili kukaa mlangoni

Shangazi Mwajuma: Analala humo?

Zuhura: Hairuhusiwi. Jioni anafunga kufuli anarudi kwake

Shangazi Mwajuma: Kibanda cha kukalia mlangoni. Sisi tuna baraza, tunalala nyuma yake

Salim: Kuna bibi mmoja alikuwa na mumewe kwenye kibanda chao, katukaribisha chai bila kutujua. Katuuliza tumetoka wapi, nikamwambia Tanga, mji wa bahari. Akasema basi mnajua. Tukakaa nao kimya, hakuna aliyesema kitu tena. Kwetu ingekuwa mimi ni mtoto wa nani, namjua nani, mpaka tupate undugu

Mama: [sauti]

Fauzia: Bibi anasema wana adabu hao. Mlipeleka nini? Msiende mikono mitupu kwa watu

Zuhura: Mama hatukujua hata kama tutawakuta! Salim kakimbia dukani kuwaletea aiskrimu

Mama: [sauti]

Fauzia: Anasema sawa

Zuhura: Sasa tumeshukia Leigh, stesheni ya njiani kurudi nyumbani. Shangazi hii ni yako [picha]

Shangazi Mwajuma: KOMBE!

Zuhura: Kombe shangazi. Ndogo kuliko zetu. Kuna mabanda yamepangana kando ya mfereji, wanachemsha wanakuuzia kwenye kikombe, siki na pilipili manga, unachomoa kwa kijiti. Kuna na mlima wa maganda pale nyuma

Shangazi Mwajuma: Siki tena. Hawa watu wana nini na siki? Nani anachokoa?

Salim: Wanaume kwa maboti. Wananyonya mchanga kwa pampu na kuchekecha

Shangazi Mwajuma: Kwa pampu! Mimi nimelea watoto wanne kwa kuinama na kisu, maji yakipwa nipo, yakijaa natoka. Mgongo wangu huu hapa shahidi. Sasa sikia, nunua mbichi, upeleke nyumbani, utie nazi, ndimu, kitunguu, bizari kidogo. Usiharibu

Zuhura: Mbichi hawauzi shangazi, zote zimeshachemshwa. Nitazipitisha kwenye nazi ya kopo

Shangazi Mwajuma: Nazi ya kopo. Sikuona hiyo, nimepitwa na ujumbe

Salim: Mjomba, maji yamefika! Nimegeuka kulipia nikirudi mashua zote zilizokuwa zimelala ubavu zimesimama. Hayana wimbi, yanajaa tu kama mtu anajaza beseni

Mjomba Hatibu: Ndiyo tabia ya pwani bapa. Hayapigi kelele, na ndiyo yanayozingira watu. Saa ngapi huko?

Salim: Saa mbili kasorobo, jua bado lipo

Mjomba Hatibu: Ubao ulisema kweli. Sasa naomba jambo. Hapo dukani huuza kijitabu cha jedwali la maji la mwaka mzima. Ninunulie, utume na atakayekuja. Nataka kulilinganisha na la Tanga.

Salim: Duka limefungwa mjomba, nitaliagiza kwa simu. Ahadi

Rashid: Ahadi nyingine hiyo naiandika wapi?

Zuhura: Tumeshapanda treni. Salim kalala kabla ya Benfleet, mdomo wazi. Chaji yangu imebaki asilimia 4

Rashid: Asilimia 4 zinatosha kutuma 250,000

Zuhura: Nimetuma 150,000. 100,000 mwisho wa mwezi kaka, wallahi

Rashid: Imeingia. Allah awazidishie, kesho mwende na Brighton

Asha Muscat: 🤣🤣

Rashid: Nasahihisha orodha. Zuhura na Salim 100,000 mwisho wa mwezi. Anabaki mjomba Hatibu, 50,000

Fauzia: Mjomba alikuwa anaandika, ameacha