Uniti 38 wakati bomba linatoa upepo: hii mita inapima maji au hewa?

Wakuu, nimevumilia miezi mitatu, leo acha niseme.

Mwezi uliopita imeingia meseji ya "Ndugu mteja" kutoka mamlaka ya maji, uniti 38, deni Sh 64,600, kontroo namba hii hapa, usipolipa huduma itasitishwa. Huduma ipi? Mtaani kwetu maji yanatoka usiku wa Jumanne na usiku wa Ijumaa, basi. Na kuna usiku bomba linapuliza tu mpaka asubuhi.

Hebu tupige hesabu. Uniti moja ni lita 1,000. Uniti 38 ni lita 38,000, yaani ndoo 1,900 za lita 20. Nyumbani tuko wanne, simtanki letu ni la lita 1,000. Likijaa mara mbili kwa wiki, mwezi mzima uniti 9, tuseme 10 ukiongeza madumu na mabeseni. Zile 28 nimeziweka wapi, tumboni?

Nikaenda ofisini kwao. Kijana wa dirishani hata macho hakuinua: "Mama, mita haidanganyi. Utakuwa unavujisha." Nikaita fundi kwa hela yangu, akafunga koki zote za ndani, mita ikatulia tuli. Hakuna panapovuja. Kurudi naambiwa lipa kwanza, malalamiko baadaye. Nikalipa kwa simu, na makato juu.

Ijumaa iliyofuata nikakesha. Saa 8 usiku nimechuchumaa kwenye mita na tochi ya simu, bomba la uani nimeliacha wazi. Linalia fyuuuu kama tairi iliyotobolewa, tone hakuna. Na kile kigurudumu chekundu cha mita kinakimbia kuliko hata maji yenyewe yakitoka! Dakika kama 20 hivi ndipo bomba likaanza kukohoa, likatema maji ya rangi ya chai.

Fundi akanifumbua macho. Mgao ukikatika bomba kuu linabaki tupu, linajaa hewa. Maji yakifunguliwa yanaisukuma ile hewa mbele, na mita zetu hizi zinazungushwa na chochote kinachopita. Dawa yake ni valvu za kutolea hewa kwenye bomba kuu, kazi ambayo ni yao, siyo yangu. Wajanja wa mtaani wao wanafunga koki iliyo kabla ya mita mpaka wasikie kwa jirani maji yameanza kumwagika. Kwa hiyo hewa analipia asiyeijua hila. Bibi wa nyumba ya nne, anayelala saa 2 kaacha bomba wazi juu ya pipa, ndiye anatulipia wote.

Video ninayo. Barua nimepeleka, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, maana hata ukitaka kufika EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, lazima uwe umeanzia kwa mtoa huduma. Leo siku ya 16, kimya. Ila meseji ya bili mpya haikuchelewa hata siku moja.

Kuna aliyewahi kupimiwa mita bili ikarekebishwa kweli? Ulianzia dirisha gani, ilichukua muda gani? Na wale wa "chimba kisima" naomba mpite tu, visima vya huku ni chumvi tupu, sabuni haitoi povu.