Chumvi ya Katwe inaimaliza Canter yangu, naomba ushauri kabla chesisi haijakatika

MamaChumvi_Kasese

Habari za humu jamani. Mimi ni mfanyabiashara wa chumvi, nipo Kasese. Nanunua kwa wachimbaji pale Katwe, nashusha Kasese mjini, Bwera hadi mpakani Mpondwe, na mara mojamoja Bushenyi. Gari ni Canter ya tani nne. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Mbarara aliyekuwa akibebea matooke. Siku naichukua, fundi aliingia uvunguni na tochi, akatoka akaniambia, "Mama, huku chini ni kama mpya." Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita.

Wiki jana tunashuka mteremko wa Kichwamba kurudi Katunguru, gari tupu, dereva akakanyaga breki ikazama hadi sakafuni. Mungu ni mwema, alikuwa gia ya pili. Alilibana kwa injini na breki ya mkono mpaka likasimama kwenye nyasi za ukingoni. Paipu ya breki ya nyuma ilikuwa imetoboka. Haikukatwa na jiwe, imeliwa tu, ukiigusa inamenyeka kama ganda la muhogo. Tulipoliinua gereji ndipo nikaona mengine: springi za nyuma zimevimba kutu katikati ya majani, boliti za bodi zimebaki nusu, na chesisi nyuma ya kebini inabanduka matabaka matabaka.

Msidhani nilizembea. Utingo anaosha gari kila baada ya safari, hilo nalisimamia mwenyewe. Kila miezi mitatu napuliziwa oili chafu uvunguni. Mwezi wa tano nilipaka rangi nyeusi ya lami chini kote, laki tatu na nusu zikaenda. Kutu ndiyo kwanza ikashika mbio.

Sasa fundi anataka kupaka lami ya pili juu ya ile ya kwanza. Nikubali? Au niuze nikiwa bado napata mnunuzi? Wanaobeba chumvi au samaki, nyie mnafanyaje?

Mpitanjia_Kla

Katwe ipi? Kama ni hii ya Kampala, vuka tu barabara, mafundi vyuma wote wako hapo.

MamaChumvi_Kasese

Katwe ya ziwani, ndugu. Hiyo ya kwenu haina chumvi, ina kelele tu.

Fundi_Ndeeba

Pole sana mama, na huyo dereva mnunulie soda.

Paipu za breki badilisha zote, mbele na nyuma. Usibadilishe hiyo iliyotoboka peke yake, kwa sababu zote zimekula chumvi ileile kwa muda uleule. Ukipata za mchanganyiko wa shaba na nikeli chukua hizo, hazishiki kutu kama za chuma. Gari lisiende hata sokoni kabla hilo halijafanyika.

Tuje kwenye lami. Nimeshabandua nyingi za namna hiyo. Mtu anaosha gari leo, kesho asubuhi anapaka, kumbe ndani ya maungio bado kuna unyevu na chumvi. Lami ikikauka imeifungia kutu chumbani pamoja na chakula chake. Kwa nje inang'aa. Ikipigwa na jiwe ikapata ufa, maji yanaingia lakini hayatoki tena. Kwa hiyo usikubali kupakwa ya pili. Ikwanguliwe yote kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, gari lioshwe, likaushwe juani siku nzima au mbili, ndipo upake dawa ya kugeuza kutu, kisha praima, kisha rangi.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, chukua nyundo ndogo ugonge chesisi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinajibu kama boga. Tia alama ya chaki kila panapojibu vibaya. Hapo nyuma ya kebini pananitia wasiwasi, maana ndipo gari linapojikunja likibeba. Asije mtu akakubandikia kiraka cha bati akakwambia "imepona".

Likoni_Pikapu

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku pikapu za samaki zinakufa hivyohivyo, na kinachoziua si upepo wa bahari kama watu wanavyosema. Ni maji ya barafu na chumvi yanayodondoka kutoka kwenye makreti, usiku na mchana, mahali palepale. Dada, hebu tuambie: magunia yako yanapakiwa yakiwa makavu au yanachuruzika?

Kuhusu oili chafu, baba yangu amepuliza miaka mingi na gari lake bado linatembea. Msiidharau.

Fundi_Ndeeba

Siidharau, naijua. Inafukuza maji kwa muda, halafu inavimbisha bushi za mpira, inashika vumbi mpaka linakuwa tope zito linalokaa na unyevu, na ikifika kwenye viatu vya breki umekwisha. Fundi anayeipuliza kila siku anaila kwa ngozi, na mimi mikono yangu ni shahidi. Halafu huyu mama anapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Kila tone linalodondoka linaishia kwenye maji ya mtu au ya mnyama. Kama ni mafuta, tumia grisi safi iliyolainishwa kwa oili mpya, paka kwa brashi kwenye maungio na boliti, mbali na breki na mipira.

Likoni_Pikapu

Haya, yaishe. Ila swali langu la magunia halijajibiwa.

MamaChumvi_Kasese

Yanachuruzika, kaka. Chumvi ya mawe wanaume wanaing'oa chini ya maji ziwani, inapandishwa ikiwa bado mbichi, na mimi napakia siku hiyohiyo kabla bei haijageuka. Ile ya kukwanguliwa kwenye mabwawa inakuwa nafuu kidogo. Sakafu ya bodi ni mbao, na mbao zenyewe zina nafasi.

Speedi_Jinja

Mimi ni mtu wa mashindano ya magari, naomba niwatoe nje kidogo. Kuna watu wanaoendesha juu ya chumvi kwa makusudi. Pale Bonneville, jimbo la Utah kule Marekani, magari yanakimbizwa kwenye uwanda wa chumvi tangu 1914. Chumvi ile ikiwa na unyevu inarushwa na matairi, inaganda chini ya gari kama plasta, inajaza kila tundu. Wiki yao kubwa ya mbio mwezi wa nane iliwahi kufutwa 2014 na 2015, miaka miwili mfululizo, kwa sababu uwanda haukuwa mkavu.

Wanajilindaje? Hawana muujiza. Kabla ya kuingia wanapuliza mafuta mepesi chini ya gari na kwenye vyuma vilivyo wazi, ili chumvi ikose pa kung'ang'ania. Wakitoka wanaosha mapema kabla haijakauka. Wakifika nyumbani wapo wanaoweka kile kinyunyizio cha kumwagilia bustani chini ya gari na kukiacha kinazunguka kwa saa kadhaa. Hawatafuti presha kubwa, wanataka maji mengi kwa muda mrefu. Wengine wanafungua gari hadi viti na mazulia, kwa sababu inajificha humo.

Umeme nao msiusahau. Kwenye mbio za Dakar za 2015 pikipiki zilivuka uwanda wa Uyuni, Bolivia, mvua ikiwa imenyesha na maji ya chumvi yamesimama juu yake. Joan Barreda wa Hispania alikuwa anaongoza mbio nzima. Pikipiki ikafa kwa hitilafu ya umeme, akavutwa na mwenzake, uongozi ukaenda kwa Marc Coma ambaye ndiye aliyeshinda. Asubuhi moja tu ya chumvi. Mama, angalia soketi za taa, waya wa ethi na vichwa vya betri. Visafishe, vikauke, kisha vipakwe grisi.

Mnunuzi_Mbarara

Unauza shilingi ngapi? Niko tayari hata leo, kwa bei ya chuma chakavu.

MamaChumvi_Kasese

Pita kushoto.

Mwl_Kemia

Nafundisha kemia, kwa hiyo mnivumilie. Kutu ni umeme mdogo unaotembea juu ya chuma chenye unyevu. Maji matupu yanapitisha umeme huo kwa shida. Ukiyatia chumvi yanakuwa waya. Kibaya zaidi ni kwamba chumvi yenyewe haiishi katika kazi hiyo, kiasi kilekile kinaendelea kula mwaka hadi mwaka mpaka kiondolewe. Ndiyo maana fundi anakataza kupaka juu yake.

Tena gari kuwa limekauka si kinga. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukivuka kama asilimia 75. Kasese mchana ni jua kali, lakini usiku na alfajiri unyevu unapanda. Gari limelala, lenyewe linalowa kidogokidogo ndani ya maungio.

Chumvi ya Katwe pia si chumvi tupu, ina magadi na salfeti. Magadi yanaila aluminiamu, kwa hiyo rejeta na vifuniko vya aluminiamu vioshwe kwa uangalifu uleule wa chesisi.

Mtu asikuuzie siki wala maji ya moto. Lita moja ya maji baridi inayeyusha gramu 360 hivi za chumvi, na hata ukiyachemsha haizidi sana hapo. Moto unasaidia kutoa grisi na tope tu. Hifadhi kuni zako, ongeza madumu ya maji.

Mzee_wa_Bwera

Nimesoma yote. Nimeendesha malori njia hiyo tangu vijana wengine humu hawajazaliwa. Pale Katwe kuna kiwanda cha chumvi kilichoanza kujengwa miaka ya 1970. Mpaka leo kimesimama mifupa, kwa sababu maji ya ziwa yaliyala mabomba. Kama yalishinda kiwanda cha serikali, Canter ni kifungua kinywa.

Lakini binti yangu, kuna jambo moja hakuna aliyekuuliza. Unasema utingo anaosha gari kila safari. Anaosha na maji ya wapi?

MamaChumvi_Kasese

Shikamoo mzee. Anaoshea hukohuko Katwe wakishamaliza, ili gari lifike kwangu safi. Ngoja nimpigie.

MamaChumvi_Kasese

Nimempigia. Naona aibu hata kuandika. Anachota Munyanyange, kile kiziwa cha kreta pembeni ya mji. Anasema ni karibu, na hakuna wa kumdai hela ya maji.

Mzee_wa_Bwera

Marahaba. Nilijua. Wale ndege wekundu watalii wanaokuja kuwapiga picha pale, heroe, hawaendi kwenye maji matamu. Wanafuata maji ya magadi na chumvi. Kijana amekuwa akiliosha gari lako kwa chumvi mwaka mzima, tena kwa bidii. Usimfukuze, wewe hukumwambia na yeye hakujua.

Speedi_Jinja

😂😂 Samahani mama, sicheki gari. Nacheka ile "nalisimamia mwenyewe".

Likoni_Pikapu

Basi nimalizie langu. Tandika turubai zito la plastiki juu ya mbao, kingo zake zipande ubavuni mwa bodi mpaka juu. Pembeni nyuma toboa tundu moja tu, funga mpira wa maji unaoshuka hadi chini ya chesisi, maji ya chumvi yatoke hapo bila kugusa chuma. Sisi tulifanya hivyo, na mtaro wa nyuma ya pikapu ukaacha kuoza.

Kama unaweza, magunia yalale juu ya magogo usiku mmoja kabla ya kupakia. Unalipa mafuta ya dizeli kubeba maji yanayodondoka barabarani.

MamaChumvi_Kasese

Hilo la kulaza magunia wauzaji hawalipendi, wanauza yakiwa mazito. Ila nitazungumza na mama mmoja ninayemwamini, nimlipe nafasi ya kuyaweka.

MamaChumvi_Kasese

Naleta mrejesho, ni siku ya nne. Paipu za breki zimebadilishwa zote. Gari lilioshwa hapa Kasese kwa maji ya bomba, siyo mtoni, maana najua mtaniuliza. Tuliingiza mpira wa maji kwenye tundu la chesisi upande wa dereva, tukauacha tangu asubuhi hadi saa saba. Kwanza halikutoka kitu, tundu la chini lilikuwa limezibwa na lami ya mwezi wa tano. Utingo akalizibua kwa msumari. Likatoka tope la kijivu, beseni tatu na kitu. Nililionja kwa ncha ya kidole, ni chumvi kali kabisa.

Nyundo nimegonga. Upande wa kushoto wote unalia vizuri. Upande wa kulia, nyuma ya kebini, kama urefu wa mkono mmoja, unajibu kama boga. Nimetia chaki.

Fundi_Ndeeba

Umefanya kazi nzuri nnyabo. Hapo penye chaki pasiguswe na mashine ya kuchomelea kabla sijapaona. Kama ni ubavu tu umeliwa, tutafunga bamba refu la chuma kwa boliti. Kama na kingo za juu na chini zimekwisha, tutatafuta chesisi ya mtumba Kisekka, soko la vipuri kule Kampala. Nakuja Jumamosi na basi la usiku. Siku hizo mbili acha matundu yote wazi, na gari lilale juani likiwa limeinamisha pua. Na huyo utingo awepo, nitamhitaji aingie chini na brashi.