Tupeane uzoefu: uliwahi kuwa mgeni kwa Wauzbeki au Watatari?

Wakuu salama? Nilisoma Kazan, mji wa Watatari huko Urusi, hosteli nikapangwa chumba kimoja na Mtatari na Muuzbeki wa Samarkand, Uzbekistan, wote Waislamu, lugha zao ndugu, ila kwenye kukirimu mgeni kila mtu na yake. Likizo nikaenda kwao Samarkand. Mama yake kaweka mkono kifuani kanisalimia, nikakalishwa mbali kabisa na mlango maana ndo nafasi ya heshima, tumekaa chini kwenye kitambaa cha chakula wanaita dasturxon. Akamimina chai kwenye kibakuli kidogo, akairudisha birikani, mara tatu hivyo, ndo akanipa, na nusu haijafika! Roho ikaniuma kidogo, nikajua nabaniwa. Rafiki yangu akaninong'oneza, ukitiliwa kidogo ndo unapendwa, ukimaliza mama anakuongeza na stori zinaendelea, ukiona kimejaa mpaka juu hapo unaagwa. Na ule mkate wao wa duara haukatwi kisu, unamegwa kwa mkono, wala usiulaze kifudifudi. Haya, na nyie leteni ya kwenu.

mdau_wa_tanga: Mi nimekaa zaidi na Watatari mkuu. Kule kwao ni mezani, chai nzito ya maziwa, aisee nilihisi niko nyumbani. Unaletewa echpochmak, vile vya pembetatu vya kuoka, ndani nyama na viazi, hujamaliza kimoja kingine kishawekwa. Halafu chakchak, unga wa kukaanga ulioshikanishwa na asali. Siku naondoka kuja likizo bibi mwenye nyumba akafunga chakchak kwenye kitambaa akasema hii ya mama yako. Wana neno lake kabisa, kuchtenech, yaani mgeni asirudi kwao mikono mitupu.

kijana_wa_osh: Kwa Wauzbeki msisahau pilau jamani, wao wanaita osh. Nilialikwa harusi Tashkent, mji mkuu wao, tumekula alfajiri, wapishi wanaume watupu, sufuria lile mtu mzima anaingia, karoti nyingi kuliko vitunguu na mafuta ya mkia wa kondoo. Sahani moja kubwa mnakula wawili, mzee niliyepangwa naye alikuwa anasukumia nyama zote upande wangu, hatuelewani hata neno.

@mdau_wa_tanga, ile chakchak ilifika?

mdau_wa_tanga: Ilifika mkuu. Mama aligawia majirani, kile kitambaa anacho mpaka leo.