Dubai, Kanada au nibaki hapa hapa? Pasipoti, uraia na kodi

Mwana_Kisauni
Asalaam aleikum wenzangu. Mie ni fundi wa mafriji na AC, nimepata kazi Dubai. Dada yangu yuko Toronto, yuwasema nisubiri nijipange ya Kanada. Mama hataki kusikia yoyote kati ya hizo. Nipeni ukweli: wapi kuna afueni?

Baharia_Likoni
Waaleikum salaam. Nimekaa Imarati miaka 14. Mshahara haukatwi kodi hata senti, hilo ni kweli. Lakini pasipoti niliyoingia nayo ndiyo niliyotoka nayo. Visa imefungwa kwa kazi. Kazi ikiisha, unahesabu siku. Tangu 2021 mgeni aweza kupewa uraia, ila ni wawekezaji, madaktari, wanasayansi na watu kama hao, tena huombi, unateuliwa. Fundi wa AC utangoja sana. Pasipoti yao ni ya zile kali duniani. Nilikuwa naitazama kwenye foleni kama mtu asiyealikwa anavyotazama biriani ya harusi.

Mama_Wawili
Kanada, ukipata ukaazi wa kudumu, waishi siku 1,095 ndani ya miaka 5 kisha waomba uraia. Na Katiba ya 2010 haimnyang'anyi raia wa kuzaliwa uraia wake wa Kenya akichukua mwingine. Binamu zangu wa Tanga hawana ruhusa hiyo. Ila utoe taarifa ndani ya miezi 3, la sivyo ni faini hadi milioni 5 au jela hadi miaka 3. Ubaya wa Kanada ni kodi: mkaazi hulipia mapato ya dunia nzima, hata kijumba chako cha kupangisha Bamburi. Baridi sitaisema.

Kijana_Kibokoni
Na Oman jamani? Babu zetu walitoka huko.

Mama_Wawili
Babu hatoshi, mwanangu. Na uraia wa pili hawaukubali bila idhini.

Bwana_Hesabu
Mnasahau kodi ya hapa nyumbani. Ukiwa na makazi ya kudumu Kenya na ukakanyaga humu siku yoyote ya mwaka, wewe ni mkaazi wa kodi mwaka huo. Zile siku 183 zinazotajwa vibarazani ni za asiye na makazi. Mkaazi hutozwa hata mshahara wa nje. Raia aliyekatwa kodi ya mshahara huko hupunguziwa hapa. Sasa Dubai hukukatwa kitu, utapunguziwa nini?

Baharia_Likoni
Astaghfirullah. Nami kila Idi nilikuwa hapa, mke na nyumba Likoni.

Bwana_Hesabu
Ndiyo hivyo, shekhe. Mkataba wa kodi kati yetu na Imarati upo, kwa hiyo anayekwenda aombe cheti cha ukaazi wa kodi huko na akiweke vizuri. Lakini mikataba hii nayo, ukionekana mkaazi wa pande zote mbili, huanza kwa kuuliza nyumba yako ya kudumu iko wapi.

Mwana_Kisauni
Mie sina nyumba. Nakaa kwa mama.

Bwana_Hesabu
Ukienda, chumba chako atakipangisha?

Mwana_Kisauni
Thubutu! Ameshasema kitanda hakiguswi mpaka nirudi.

Bwana_Hesabu
Basi kabla hujakata tikiti, njoo tuongee.