Datsun 240Z ya 1972: plagi nyeusi tangu ifike Arusha, haiwaki ikiwa ya moto, na kalipa za Hilux

meru_240

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba msaada wa 240Z ya 1972, injini L24, kabureta mbili za Hitachi zenye kichwa cha mviringo. Dar ilikuwa inatembea vizuri. Tangu ipandishwe Arusha plagi zote sita zinatoka nyeusi, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inayumba na mlimani inavuta kwa shida. Plagi ni NGK BP6ES mpya.

Pili, mchana ukiizima dakika kumi tu haiwaki mpaka ipoe.

Tatu, nataka breki za mbele zenye nguvu zaidi kwa ajili ya mteremko wa Rhotia kushukia Mto wa Mbu. Nasikia kalipa (vibanio vya pedi za breki) za Hilux zinaingia bila kuchomelea, ni kweli? Fundi mmoja ananiambia nitupe hizi kabureta nifunge kabureta tatu za Weber.

spana12

Mkuu, kwanza tuambie huo weusi ni wa namna gani. Masizi makavu yanayofutika kwa kidole ni petroli nyingi. Ukiwa na unyevu wa oili ya injini, hapo ni ringi au sili za valvu, na kabureta haihusiki.

Kama ni masizi makavu, sababu ya kwanza ni mwinuko. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, mgandamizo wa hewa ni pungufu ya ule wa Dar kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyosetiwa pwani inaendelea kumwaga petroli karibu ileile huku hewa imepungua. Na sehemu ya nguvu iliyopotea hairudi kwa seti yoyote, hilo likubali mapema ili usiifukuze kwa kuongeza mafuta.

Kabla hujagusa mchanganyiko wa petroli na hewa, hakikisha tapeti (uwazi wa valvu) na moto wa plagi viko sawa. Tapeti injini ikiwa ya moto: za kuingiza 0.25 mm, za kutolea 0.30 mm. Uwazi wa pointi za distribyuta 0.45 hadi 0.55 mm. Plagi 0.8 hadi 0.9 mm. Wengi huanza na kabureta, wanahangaika siku nzima, kumbe pointi zimefunga.

Halafu angalia choki. Kwenye Hitachi hizi choki haifungi kibao cha hewa, inavuta jeti (kitundu cha kutolea petroli) ishuke chini ili petroli iongezeke. Waya ukiwa mkavu, jeti inabaki chini hata ukirudisha kishikio ndani. Ingiza kidole chini ya kila kabureta uisukume jeti juu. Ikipanda hata milimita moja, umeshapata sehemu kubwa ya ugonjwa wako.

Baada ya hapo:

Fungua kifuniko cha dampa (kirija chenye oili kinachotuliza pistoni) juu ya kuba la kabureta, inua pistoni ya kabureta kwa kidole na uiachie. Lazima ishuke yenyewe na kugonga chini "ta". Ikishuka kwa kusitasita, safisha kuba na pistoni kwa petroli na kitambaa laini, usitumie msasa. Usichanganye kuba la mbele na pistoni ya nyuma, zilitengenezwa kwa jozi. Kwenye dampa weka oili namba 20. Oili nyepesi sana inaifanya pistoni iruke ukikanyaga ghafla, na gari inakohoa.

Geuza kifuniko cha boya (linaloelea kwenye bakuli la petroli) juu chini, pima toka kifuniko hadi mkono wa boya: 14 hadi 15 mm.

Sawazisha hewa ya kabureta mbili kwanza, mchanganyiko baadaye. Kama huna kipimo, tumia mpira mwembamba, ncha moja mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni. Mvumo ukilingana kwa zote mbili, inatosha.

Nati ya mchanganyiko iko chini ya jeti. Ipandishe mpaka mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu, hiyo ndiyo seti ya kuanzia ya pwani. Kwa Arusha anza na miwili na robo, au miwili kamili. Kisha ukiwa sailensa, injini ya moto, inua pistoni ya kabureta moja kama milimita moja. Resi ikipanda na kubaki juu, petroli bado nyingi. Ikitaka kuzima, umepunguza kupita kiasi. Ikipanda kidogo na kurudi, acha hapo. Rudia kwa ya pili, halafu rudi tena ya kwanza, kwa sababu zinaathiriana.

pasua_z

Naongezea kuhusu kutowaka ikiwa ya moto. Kwenye L24 kabureta zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya egzosi (bomba la kukusanya moshi), upande uleule. Ukizima, joto lote linapanda na petroli inachemka kwenye mabakuli ya boya. Ukikaa muda mrefu huku Moshi, au ukisimama Boma Ng'ombe saa nane mchana, utaliona zaidi.

Angalia vitu vitatu. Kile kipande cheusi kigumu cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi: mafundi wengi wakishusha kabureta wanakiacha mezani na kubakiza gasketi tu. Bati la kukinga joto chini ya kabureta lazima liwepo. Na mrija wa kurudisha petroli tangini: bomba la petroli linapita mbele ya hedi, na mwisho wake kuna tundu dogo la kurudisha ziada. Ukikuta umezibwa kwa boliti ufungue, maana petroli isiyozunguka inasimama inapata moto na kugeuka mvuke.

Mtu akikushauri pampu ya umeme, isizidi mgandamizo wa psi 4. Zaidi ya hapo sindano ya boya inashindwa na petroli inamwagika juu ya egzosi. Hiyo ni hatari ya moto, siyo suala la kula mafuta tu.

Weber tatu ni nzuri ukiwa na seti ya jeti za kubadilisha na muda wa kujaribu. Bila hizo utahamisha tatizo kutoka kabureta mbili kwenda midomo sita.

Na usitembee bila boksi la filta. Gari hii ilishinda East African Safari 1971 na 1973, vumbi inaliweza, lakini siyo likiingia moja kwa moja. Vumbi linakula shafti za throto (vibao vya kupitisha hewa), hewa inapenya pembeni, na sailensa haitatulia tena.

kalipa_nne

Breki: ndiyo, zinaingia. Tafuta kalipa za Hilux 4x4 za 1979 hadi 1985, zenye pistoni nne, na ubavuni pameandikwa S12-8. Zilizoandikwa S12W ziache, ni za disiki nene yenye matundu ya hewa. Disiki yako ya 240Z inabaki, ila ipime: mpya ni 12.5 mm, ikifika 10.5 mm tupa. Bati la vumbi nyuma ya disiki itabidi likatwe au likunjwe, na bomba la chuma la kuingilia kalipa lipindwe upya. Funga tairi uizungushe kwa mkono kabla ya kushusha jeki, rimu nyingine zinagusa.

Nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa lazima iangalie juu. Ukiikuta chini, umebadilisha kulia na kushoto, na upepo hautatoka hata ukimaliza chupa tatu za oili ya breki DOT 4. Kwa usukani wa kulia toa upepo kuanzia nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

Pistoni kubwa zinataka oili zaidi, kwa hiyo pedali itashuka kuliko zamani. Masta silinda yako (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ni inchi 7/8. Ya 15/16 kutoka Datsun 280ZX ndiyo wengi wanaifunga. Ukiitoa ya zamani, usivute fimbo ya busta (kisaidizi cha nguvu ya pedali). Ndani kuna kiduara cha mpira kimeshikwa na ile fimbo, kikidondoka breki zinashika ghafla kama swichi. Rekebisha pia shuu za breki za nyuma, la sivyo kazi yote inaenda mbele.

meru_240

Asanteni sana wakuu. Masizi ni makavu. Jeti ya kabureta ya nyuma imepanda kama milimita 4 nilipoisukuma, kwenye pini ya mkono wake kuna tope jekundu lililoganda. Ya mbele iko juu sawasawa. Mrija wa kurudisha umezibwa kwa boliti namba 10.

spana12

Toa pini, osha mkono na waya wa choki kwa petroli, paka oili nyepesi, siyo grisi, grisi inakamata vumbi. Hakikisha choki ikirudishwa ndani jeti zote mbili zinagota juu bila kusukumwa. Weka plagi safi, tembea mpaka Usa River na kurudi, zima injini ikiwa bado kwenye gia, kisha toa plagi namba 2 na namba 5 uzilinganishe.