Ushauri: Nampeleka mama Mediterania kwa meli ya kitalii. Matembezi ya bandarini tununue melini au tujipangie wenyewe?

BintiKagera:

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Mwakani mwezi wa tisa, Mungu akijalia, nampeleka mama safari ya meli ya kitalii Mediterania. Tutakuwa watatu. Mimi natokea Dar, mdogo wangu anatokea Uingereza anakofanya kazi, na mama mwenyewe, miaka 71, goti la kulia linamsumbua. Kutembea anatembea, ila ngazi nyingi na mwendo wa kukimbizana hapana.

Ratiba: Jumapili tunapanda Barcelona, Jumatatu Palma, Jumanne Marseille, Jumatano Livorno, Alhamisi Civitavecchia (bandari ya kwendea Roma), Ijumaa Napoli, Jumamosi baharini, Jumapili tunashuka Barcelona.

Kinachonitoa jasho ni hizo ziara za kila bandari. Kampuni ya meli inauza za kwake, na ukipiga hesabu ya watu watatu kwa bandari zote unakuta hela imekaribia nauli ya safari nzima. Mdogo wangu anasema tunaibiwa, tushuke wenyewe tupande treni kama wenyeji. Mimi naogopa kuachwa na meli nchi ya watu. Mama hana neno na chochote, ilimradi afike Basilika la Mtakatifu Petro. Amekulia Bukoba akisikia habari za Kadinali Rugambwa tangu mtoto, kwa hiyo Roma kwake si utalii.

Waliowahi kupita huko, mlifanyaje? Na viza niombe ubalozi gani, maana nchi ni tatu? Natanguliza shukrani.

Kipanga wa Mbagala:

Hela yote hiyo si ungempeleka Zanzibar mkala pweza wiki nzima, chenji ikabaki?

BintiKagera:

Zanzibar ameshaenda mkuu. Nisaidie la Roma.

Baharia Mstaafu:

Binti, mimi nimefanya kazi kwenye meli za aina hiyo, upande wa jikoni, kwa hiyo nakwambia ya ndani. Meli haingoji mtu aliyejipangia. Ukinunua ziara ya meli na basi lao likachelewa, meli itasubiri, au watakusafirisha kwa gharama yao mpaka bandari inayofuata. Ukienda mwenyewe, gharama ni yako.

Na usichanganye saa mbili tofauti. Kuna saa ya meli kuondoka na kuna saa ya mwisho ya abiria kuwa ndani. Hii ya pili hutangulia kwa nusu saa hadi saa nzima, na ndiyo unayoipigia hesabu. Imeandikwa kwenye karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani kila jioni, na mara nyingi wanaibandika pale mnaposhukia. Ipige picha kwa simu kabla hujagusa ardhi. Karatasi hiyo ina pia namba ya wakala wa meli pale bandarini, na huyo ndiye wa kumpigia mambo yakiharibika.

Tulikuwa tukipata mapumziko jioni tunasimama nyuma ya meli kuangalia wanaochelewa. Utaona mtu na mkewe wanatoka mbio kule getini, mifuko ya zawadi inapepea, abiria wa juu wanapiga makofi na miluzi. Wengine huwahi. Wengine wanafika ngazi imeshavutwa, kamba zimefunguliwa, rubani wa bandari yuko juu kwa nahodha. Hapo hata ulie. Ngazi hairudi.

Ushauri wangu: Roma nunua ya meli. Kwingine jitegemeeni.

Mswahili wa Bologna:

Nakubaliana na Baharia nusu. Kabla ya kuogopa, tazama ratiba yako vizuri, dada. Kuachwa Livorno si sawa na kuachwa Napoli. Mkiachwa Livorno, kesho yake meli iko Civitavecchia, na kuna treni inayofuata pwani hiyo hiyo. Mkiachwa Civitavecchia, kesho meli iko Napoli, treni zipo kibao. Ni hasara ya nauli na hoteli ya usiku mmoja, basi. Lakini mkiachwa Napoli, meli inaingia baharini siku nzima na kuibukia Barcelona, hapo ni tiketi za ndege za watu watatu za kununua dakika za mwisho. Kwa hiyo siku ya kuwa waoga ni Ijumaa, na kwa bahati Napoli ndiyo bandari rahisi kuliko zote.

Sharti ni moja: muwe na pasipoti. Ulizeni mapokezi siku ya kwanza kama mnabaki nazo, kwa sababu baadhi ya meli huzishikilia pasipoti za abiria wanaosafiri kwa viza. Kama wanazishika, tembeeni na nakala ya ukurasa wa picha na ya viza.

Sasa Roma. Civitavecchia si Roma, hilo watu wengi hawalijui mpaka wamefika. Ni kilomita 70 na ushee. Ukishuka, kuna basi la bure la bandari linakupeleka mpaka Largo della Pace, nje ya eneo la meli. Pale unapanda basi lingine la kulipia mpaka stesheni, ingawa wenye miguu mizima huenda kwa miguu. Treni ya kawaida ya mkoa ni euro chache tu, haina haja ya kuhifadhi kiti, na ukiwa na mama usiende mpaka Termini, stesheni kuu ya Roma. Shukeni Roma San Pietro, mnaliona kuba la basilika kwa mbali, ni mwendo wa dakika kumi na kitu kwa miguu, kwa goti weka ishirini.

Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kilichobandikwa ukutani kabla ya kupanda. Unaisukuma kwenye mdomo wake, kinalia, kinachapa tarehe na saa pembeni. Usipoigonga, mkaguzi anakuandikia faini hata kama umelipa nauli, na kusema hujui Kiitaliano hakumgusi.

Kuingia basilika ni bure. Foleni ni ya ukaguzi wa usalama pale uwanjani, jua la Septemba bado kali, mbebeeni mama mwavuli na maji. Alhamisi ni siku nzuri kwenu, kwa sababu Papa huwapokea mahujaji Jumatano na siku hiyo uwanja haupitiki. Mabega na magoti yafunikwe. Mama na kitenge chake hana shida, mwambie mdogo wako.

Na msijidanganye kuongeza Makumbusho ya Vatikani na Colosseum siku hiyo hiyo. Tiketi za Colosseum zina jina la mtu na saa ya kuingia, ukichelewa zimekufa. Chagueni Petro, mle chakula, mrudi. Kama saa ya mwisho melini ni saa 12 jioni, mimi ningekuwa ndani ya treni ya kurudi saa 8 mchana, ili ikifutwa bado nina ya saa 9.

BintiKagera:

Asante sana kaka. Ila nahesabu hapo: basi, basi, treni, miguu, halafu kurudi vile vile. Kwa mama naona ni kupanda na kushuka kwingi.

Mama Wawili, Muscat:

Dada, sisi tulikwenda na bibi yao watoto, naye wa kushikwa mkono. Kuna njia ya katikati ambayo meli hawaitangazi kwa sauti. Tafuta kwenye orodha ya ziara zao ile ya usafiri mtupu: basi linakupeleka Roma, linakuacha, linakwambia saa ya kukutana, hakuna mtu wa kukukokota na kibendera. Ni nafuu kuliko ziara kamili, na kwa kuwa ni basi la meli, likichelewa meli inakungojea.

Njia nyingine ni dereva wa kukodi. Gari la watu wanane mkishirikiana na familia nyingine ya melini, mkigawana gharama inashuka sana. Watu wa safari moja hutafutana mtandaoni miezi kabla. Hakikisha dereva ana kibali, magari halali ya kukodi na dereva Italia yana alama ya NCC. Na usilipe yote mwanzo: meli hubadili bandari hali ya hewa ikichafuka, na hapo utakuwa unadai hela yako kwa barua pepe. Soma masharti yanasemaje meli isipotia nanga.

Siku ya Livorno tulikwenda Pisa tu. Florence ni kilomita kama 90, treni saa moja na nusu kwenda, na bado kutoka melini mpaka stesheni. Bandari yenyewe ni ya makontena, hawakuruhusu kuzurura kwa miguu, unapanda basi la kukutoa mpaka mjini. Pisa kwa treni ni robo saa hivi. Bibi alikaa kivulini anaangalia ule mnara ulioinama na vijana wanaosimama mikono hewani kupiga picha za kuuzuia usianguke, alicheka mpaka akafuta machozi.

Kipanga wa Mbagala:

Haya, na mimi nachangia. Simu! Mkiwa melini wekeni hali ya ndege. Kule katikati ya bahari simu inadaka mtandao wa meli unaopita kwenye setilaiti, bili yake utadhani umenunua kiwanja Kigamboni. Nunua bando la Ulaya kabla, litumie nchi kavu tu.

Wakala wa Posta:

Nijibu la viza. Hispania, Ufaransa na Italia zote ni Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Kwako Hispania una Barcelona na Palma, na lazima mtafika Barcelona siku moja au mbili kabla (usithubutu kutua siku ile ile ya kupanda meli), kwa hiyo inaangukia Hispania.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje mwisho, miadi ya msimu wa joto huisha. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Ambatanisha tiketi ya meli inayoonyesha kila bandari.

Ratiba yenu haina Tunisia wala Uturuki, hivyo mkishaingia mnabaki ndani ya Schengen. Kampuni ikibadilisha na kuweka Tunis, viza ya kuingia mara moja haitatosha, kwa hiyo ombeni ya kuingia mara nyingi. Na mdogo wako asidhani kibali cha kuishi Uingereza kinamfungulia Hispania. Kama pasipoti yake ni ya Tanzania, naye anaomba.

BintiKagera:

Mmenifungua macho. Nimeongea na mdogo wangu, tumeelewana hivi: Roma basi la meli la usafiri mtupu, Livorno tunaishia Pisa, Palma na Marseille tunajizungukia. Napoli yeye anang'ang'ania Pompeii, yale magofu ya mji wa kale wa Kirumi, kwa treni. Goti litaweza?

Mswahili wa Bologna:

Marseille meli inatia nanga mbali na mjini, tumieni basi. Mkifika bandari ya zamani, Vieux-Port, kuna kigari cha watalii kinachopanda mlimani hadi kanisa la Notre-Dame de la Garde, mama atafurahi na goti halitajua.

Pompeii ni mawe makubwa ya barabara za Kirumi, yameachana, yanateleza. Ila kuna njia iliyosawazishwa kwa wenye shida ya kutembea, inaanzia mlango wa Piazza Anfiteatro. Tiketi nunueni mapema kwa majina yenu, siku hizi wanaruhusu watu 20,000 tu kwa siku. Treni ya Circumvesuviana inayokwenda kule ni ya zamani, joto, imejaa kama mwendokasi ya Kimara jioni. Begi mbele, simu isikae mfuko wa nyuma, vibaka wa pale wana vidole vyepesi.

Halafu kuna kitu hakijasemwa: migomo. Italia wafanyakazi wa treni hugoma kwa tangazo, tarehe zinajulikana kabla, na Ijumaa ni siku wanayoipenda. Treni za mikoa siku ya mgomo zina saa za lazima, yaani saa ambazo hazina budi kutembea, asubuhi saa 12 hadi 3 na jioni saa 12 hadi 3. Ukitazama, mchana wenu wote wa kurudi melini unaangukia katikati, na treni ya Pompeii ni ya kampuni nyingine yenye saa zake. Angalieni kalenda ya migomo wiki moja kabla.

BintiKagera:

Ijumaa tena! Siku ile ile uliyosema tuwe waoga.

Baharia Mstaafu:

Basi Pompeii mwende kwa ziara ya meli, au muiache. Napoli meli inafunga mjini kabisa, ukitoka jengo la abiria ngome ya Castel Nuovo iko mbele yako. Mama anavuka barabara, anakaa, anakula pitsa, anarudi kulala. Mdogo wako akitaka treni aende peke yake, na pasipoti yake mfukoni.